Udongo wa chini ya mikarafuu: mwanafunzi anaweza kutafuta antibayotiki?

SWALI: Assalaam alaykum. Nipo mwaka wa tatu wa shahada ya sayansi, nasoma Unguja lakini kwetu ni Wete. Nataka utafiti wangu wa mwisho uwe wa kutafuta antibayotiki mpya katika udongo wa shamba la mikarafuu la babu yangu. Msimamizi wangu anasema hiyo ni kazi ya makampuni makubwa, bora nikahoji watu namna wanavyonunua dawa madukani. Je, ni kweli mwanafunzi wa shahada ya kwanza hawezi? Na nikipata kitu, nitajuaje kama ni kipya?

JIBU: Wa alaykumu s-salaam, mwanangu.

Mwalimu wako ana haki kwa nusu. Dawa mpya hutaipata, na ukiandika katika pendekezo lako kwamba utaipata, kamati itakurudisha na mimi ningekuwemo ningekurudisha. Lakini bakteria wanaotengeneza antibayotiki utawapata. Hilo nalisema bila wasiwasi. Utawapata kwa babu yako, utawapata nyuma ya dahalia, na pengine wiki mbili tu baada ya kumwaga udongo kwenye sahani zako za kwanza za kuoteshea bakteria. Kwa hiyo kuwapata si shida. Shida ni kuwauliza swali ambalo wewe, kwa miezi yako minne na bajeti yako ndogo, unaweza kulijibu kwa ukweli.

Unaijua ile harufu ya ardhi mvua ya vuli inapoanguka mara ya kwanza juu ya udongo mkavu? Sehemu kubwa ya harufu ile ni kemikali iitwayo geosmini, na watengenezaji wake wakubwa ni bakteria wa jenasi Streptomyces. Hao hao ndio wazazi wa takriban theluthi mbili ya antibayotiki zitokanazo na viumbe ambazo binadamu anazitumia. Streptomisini imetoka kwao, tetrasaiklini imetoka kwao. Kila uliponusa mvua ya kwanza ulikuwa unawanusa, hivyo hakuna sababu ya kukuambia kwamba Pemba hawapo.

Na usikubali kuambiwa kuwa mwanafunzi hajapata kufanya kitu katika fani hii. Aliyeitenga streptomisini kwa mikono yake mwaka 1943, huko Rutgers, Marekani, alikuwa mwanafunzi wa miaka 23, Albert Schatz, akifanya kazi chumba cha chini ya jengo. Ni kweli alikuwa anasomea shahada ya uzamivu, si ya kwanza, na nyuma yake alikuwepo bingwa wa udongo, Selman Waksman. Bakteria wake wawili mmoja alitoka katika udongo wa shamba uliotiwa samadi, mwengine katika koo la kuku. Ndiyo iliyokuwa dawa ya kwanza kutibu kifua kikuu. Siku hizi, tangu mtaalamu wa bakteria Jo Handelsman alipoanzisha somo lake Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, mwaka 2012 na kisha mtandao wa Tiny Earth mwaka 2018, wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa vyuo vya nchi nyingi wanachota udongo wa nyumbani kwao na kufanya hasa unachotaka kufanya wewe. Mueleze mwalimu wako hilo kwa adabu.

Sasa neno "mpya", maana ndilo litakalokuponza. Waliopiga hesabu ya udongo wa dunia wanakadiria kuwa katika kila bakteria 10 wa kundi la Streptomyces na jamaa zao unaowaokota, mmoja hivi anatengeneza streptothrisini, dawa iliyogunduliwa mwaka 1942 na kuwekwa kando kwa sababu inaumiza figo. Streptomisini ni kama mmoja kati ya 100. Tetrasaiklini ni kama 4 kati ya 1,000. Ukifika kwenye daptomisini, dawa iliyoruhusiwa kutumika Marekani mwaka 2003, unazungumzia wawili kati ya milioni 10. Umeona? Ukiokota makoloni 120, yaani vidoa vya bakteria vilivyoota kwenye sahani, kama 12 yatakuwa ya streptothrisini, na kila moja litakupa duara zuri la kukufurahisha, ile sehemu tupu ambayo bakteria wengine wameshindwa kuota. Kampuni zilikata tamaa hapo hapo, maana zilichoka kugundua kitu kile kile mara elfu. Kujua kama kitu ni kipya kunataka mashine za kupima uzito wa molekuli na maktaba ya kulinganishia, na hiyo ni kazi ya atakayekufuata, si yako.

Basi uliza nini? Hapa shamba la babu yako linanivutia kweli, na si kwa sababu ya mapenzi yangu kwa Pemba. Mkarafuu hauna eugenoli, ile kemikali inayoipa karafuu harufu yake kali, kwenye karafuu tu. Makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, yanayo, ndiyo maana pale Wawi, Pemba, yanakamuliwa mafuta, na majani yanayo pia. Majani hayo huanguka na kuoza chini ya mti ule ule miaka hamsini, sitini. Eugenoli inaua bakteria. Bakteria wanaoishi pale wamelelewa, kwa namna ya kusema, ndani ya dawa. Je, wanaotengeneza antibayotiki ni wengi zaidi chini ya mkarafuu kuliko chini ya mwembe wa shamba lile lile? Swali hili lina jibu, na jibu lolote litakalotoka lina faida. Ukikuta ni wengi, umepata jambo. Ukikuta ni sawasawa, umepata jambo vilevile, na ripoti yako inasimama.

Nisimame kidogo hapa, maana nataka nikuepushe na njia moja inayowameza wanafunzi wengi: kusaga karafuu au jani lolote, kuliloweka kwenye spiriti, kulitia kwenye sahani na kutangaza kuwa linatibu. Sabuni nayo inaua kwenye sahani. Eugenoli inatoboa utando wa seli, ya bakteria na ya kwako pia ikizidi. Antibayotiki inayofaa ni ile inayompata adui na kumwacha mgonjwa. Waksman na mwanafunzi wake mwengine walipata aktinomisini mwaka 1940, inaua bakteria vizuri mno, lakini ni sumu kiasi kwamba haikuwa dawa ya maambukizi. Baadaye ikaja kutumika kwa saratani. Kwa hiyo hata kwenye duara lako zuri, neno la kuandika ni "inazuia ukuaji", si "inatibu".

Turudi shambani. Nimesema mwembe wa shamba lile lile, na nimekusudia. Ukichukua udongo wa mikarafuu Wete kisha ukaenda kuulinganisha na udongo wa maweni huko Micheweni, utapata tofauti, lakini hutajua imeletwa na mti au imeletwa na ardhi yenyewe. Kinongo, yaani udongo mwekundu wenye kina, ulinganishwe na kinongo. Tafuta mikarafuu 6 na miembe 6 (au minazi, mradi iwe aina moja) katika shamba moja, iliyopishana, si yote ya mkarafuu bondeni na yote ya mwembe juu ya kilima. Chini ya kila mti chota sehemu tatu, kina cha kidole, uchanganye ziwe sampuli moja. Kutoka kila mti utaokota makoloni 10. Jumla 120.

Na hapa pana kosa ninaloliona katika ripoti nyingi, hata za wakubwa. Mwanafunzi anaandika kuwa amelinganisha makoloni 60 na makoloni 60. Hapana. Makoloni 10 ya mti mmoja ni ndugu, wamekula chungu kimoja. Huwezi kuwahesabu kama mashahidi 10. Mashahidi wako ni miti. Hesabu kila mti umetoa wangapi kati ya 10 wanaozuia, kisha linganisha namba 6 kwa namba 6. Namba itaonekana ndogo na itakuuma, lakini ni ya kweli. Ukiweza kupata miti 8 ya kila aina na kuokota makoloni machache kwa kila mti, ni bora zaidi kuliko kuongeza makoloni kwa miti ile ile.

Udongo uusafirishe mkavu. Karafuu tunazianika juani juu ya majamvi. Udongo huu uanike kivulini, ndani ya chumba, juu ya karatasi safi kwa siku 5 hadi 7. Ukavu unawapunguza bakteria wepesi wa kukua ambao wangefunika sahani nzima, na mbegu za Streptomyces zinaustahimili. Kisha utie kwenye bahasha ya kaki, andika tarehe, mti, na mvua ilinyesha lini mara ya mwisho, upande nao boti hadi Unguja. Huna haja ya barafu. Ila sahani zenye bakteria hai usipande nazo boti hata siku moja.

Maabara kazi yenyewe ni nyepesi. Gramu 1 ndani ya mililita 9 za maji ya chumvi yaliyotakaswa, tikisa, kisha mililita 1 ya hayo ndani ya 9 nyengine, hivyo hadi mara ya tano, na umwage kwenye sahani kutoka chupa ya tatu, ya nne na ya tano. Gramu ile moja ina bakteria mamia ya milioni, ndiyo sababu ya kuipunguza namna hiyo. Chakula chao kiwe cha wanga na kaseni (protini ya maziwa), kisicho kinono, na utie nistatini, ile dawa ya utando wa mdomoni wa watoto wachanga, kuzuia ukungu. Inkubeta usiililie. Bakteria wa udongo wanataka nyuzi 28 hadi 30, na chumba chako cha Unguja kinakupa hizo bure. Umeme ukikatika hawatajali. Ngoja siku 7 hadi 14. Streptomyces utawatambua: wakavu, kama wamepakwa unga wa chaki, na ukiwagusa kwa kitanzi cha waya utakuta wamejichimbia ndani ya aga, ile rojo ya mwani inayogandisha chakula chao.

Nataja aga kwa sababu ni ghali na najua swali litakalofuata: mbona tuna mwani wetu wa Paje na Jambiani, tusiuchemshe? Mwani tunaolima unatoa karajinani, si aga. Spinosum, aina tunayoilima, hutoa rojo laini ambalo kitanzi chako kitalichana. Aga inatoka kwenye mwani wa jamii nyengine. Nunua aga, punguza idadi ya sahani.

Kwa kupimia tumia bakteria wawili wasio na madhara: Bacillus subtilis na E. coli ya maabara aina ya K-12. Wawili kwa sababu ya ngozi zao. E. coli ana utando wa nje wa ziada unaozuia dawa nyingi zisiingie, na wale wanaotutesa hospitali, Klebsiella na Acinetobacter, ni wa upande wake. Utaona wengi wa kwako wanamuweza Bacillus tu. Anayemuweza E. coli muwekee alama, lakini ukumbuke kuwa streptothrisini na streptomisini nazo zinamuweza. Makoloni 120 kwa wapimwaji 2, mara 3 kila kipimo, ni vidoa 720. Ukipanga vidoa 12 kwa sahani unahitaji sahani 60. Hiyo unaiweza.

Mara 3 nimesema, na usipunguze. Katika maabara moja niliyofanyia kazi, kijana alipata duara la milimita 20, akapiga picha, akamuonyesha kila mtu, mpaka wakubwa wakaanza kuzungumzia kuandika makala. Nilimuomba apime uchachu wa aga pembezoni mwa koloni. Ilikuwa kali kama maziwa yaliyolala. Bakteria wake alikuwa anatoa asidi, basi. Yule kijana alilia, na mimi niliumia naye, maana hakuna aliyemfundisha kuangalia hilo kabla ya kushangilia. Kwa hiyo kila sahani yako iwe na diski, yaani kikaratasi kilicholoweshwa dawa, ya antibayotiki inayojulikana upande mmoja, karatasi tupu upande wa pili, na kila duara litakalorudi mara ya pili lipimwe uchachu. Ukikamua dawa ya koloni kwa kiyeyusho cha ethili asetati, basi ethili asetati peke yake iwekwe pia.

Sasa nusu ya pili ya kazi, ambayo hukuiuliza na mimi ndiyo ninayoipenda zaidi. Anayetengeneza sumu lazima awe na kinga ya sumu yake. Kwa hiyo udongo ule ule unaozaa dawa umejaa usugu, na umejaa tangu zamani za zamani: jeni za usugu zimekutwa kwenye ardhi iliyoganda miaka 30,000 huko Yukon, Kanada, kabla hajazaliwa mtu wa kumeza kidonge. Mwaka 2006 watafiti wa Kanada walipima bakteria 480 wa udongo kwa dawa 21. Hakuna hata mmoja aliyekuwa dhaifu kwa zote, na kwa wastani kila mmoja alihimili dawa 7 au 8. Sisi hatukuubuni usugu. Tulichokifanya, kwa rangi mbili, zile kapsuli za antibayotiki zinazonunuliwa nne nne dukani, na kwa dawa zinazochanganywa kwenye maji ya kuku wa kisasa, ni kuwachagua wenye usugu na kuwapa nafasi kwa wagonjwa wetu. Mwaka 2019 vifo milioni 1.27 duniani vilitokana moja kwa moja na usugu huo, na Afrika kusini mwa Sahara ndiyo iliyobeba mzigo mzito zaidi kwa idadi ya watu.

Kwa hiyo chukua makoloni yako 20 yaliyokua vizuri, 10 ya mkarafuu na 10 ya mwembe, uwapime kwa diski 6 za dawa za kawaida. Pima milimita, usiandike "sugu" au "si sugu", kwa sababu mipaka ya hospitali haikutengenezwa kwa ajili ya Streptomyces. Na ikiwa mwalimu wako bado anataka ile mada ya madukani, mwambie hapa ndipo inapounganika. Si mada duni hata kidogo, na pengine mwenzako wa darasa angeifanya mkasomana.

Usalama sasa, na hapa sitaki ubishi. Usiombe bakteria wa wagonjwa, hata ukipewa. Usioteshe kwa nyuzi 37 wala kwenye aga ya damu, maana udongo wa nchi za joto unaweza kuwa na Burkholderia pseudomallei, bakteria wa ugonjwa hatari wa melioidosisi, na hakuna haja ya kumkaribisha. Vaa glavu ukichota, hakikisha chanjo yako ya pepopunda ni hai, na ile harufu niliyokusifia usiinuse kwenye sahani: funika, funga kwa utepe. Kila kilichoota kichemshwe kwenye otoklevu, chombo cha mvuke wa presha, nyuzi 121 kwa dakika 15 hadi 30, ndipo kitupwe. Chombo cha presha cha kupikia maharage kinaweza kufika huko, lakini kikishatumika maabara kisirudi jikoni.

Ruhusa: babu atoe kwa maandishi, hata kama ni babu. Msitu wa Ngezi au Jozani usichote bila idara ya misitu. Ukitaka kugusa chochote cha binadamu, kamati ya maadili ya utafiti wa afya Zanzibar, ZAHREC, kwanza. Mwalimu wako akiona meza ya maabara chuoni haitoshi, aandike barua Wawi kwa Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, iliyopo tangu mwaka 2000. Wewe usiende peke yako kugonga mlango. Na akitokea mtu wa nje, mwema kiasi gani, akakuomba bakteria wako awasome jeni, asiondoke nao mpaka chuo kimetia saini mkataba wa kuhamisha sampuli. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, makubaliano ya kimataifa, imewekwa kwa ajili hiyo hasa, ili faida ya ardhi ya watu isiwapite wenye ardhi.

Ndiyo maana nakusisitizia daftari. Schatz, yule niliyekutajia, alilazimika kwenda mahakamani mwaka 1950 ndipo atambuliwe kuwa mgunduzi mwenza, na mwaka 1952 Nobel akapewa Waksman peke yake. Likikufika la namna hiyo, shahidi wako ni maandishi ya kila siku, yenye tarehe. Andika kwa wino, kila ukurasa na tarehe, usichane hata uliokosea, na mwalimu wako atie saini kila Ijumaa. Kila bakteria anayezuia mhifadhi ndani ya gliserini asilimia 20 kwenye friza, chupa mbili: moja ya kazi, moja isiyoguswa, ibaki chuoni baada yako kwa ajili ya yule atakayekuja na mashine.

Kichwa cha pendekezo kiandike hivi, bila neno "mpya": "Ulinganisho wa bakteria wanaozuia ukuaji wa Bacillus subtilis na Escherichia coli katika udongo wa chini ya mikarafuu na miembe, Wete, Pemba". Mpelekee mwalimu wako pamoja na ile hesabu ya sahani 60, kisha mngoje aseme.